Gundi, Sherisi na Solusheni: Istilahi za Seremala Zinazohitaji Kutenganishwa

Mbele yetu ipo karatasi ya maelekezo ifungwayo pamoja na kopo la gundi liuzwalo katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Shinyanga na Geita. Karatasi hiyo imefasiriwa kutoka Kiingereza. Jina la bidhaa hatutalitaja, kwa kuwa kasoro zilizomo humo si zake peke yake. Sentensi ya kwanza yaeleza kwamba kopo lina "gundi ya mawasiliano". Mfasiri alikutana na neno ambalo katika Kiingereza lina maana ya kugusana na pia ya kupashana habari, akachukua ile maana aliyoizoea ofisini. Kosa hili lachekesha, na kwa sababu hiyo halina madhara makubwa. Hakuna seremala atakayengoja kopo limpigie simu. Makosa yenye madhara ni yale yasiyomchekesha mtu, nayo ndiyo tunayokusudia kuyachambua.

Kazi ya seremala katika sehemu hizi imebadilika upesi. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na Mkoa wa Geita wenyewe ukaundwa mwaka 2012. Ofisi, nyumba za wageni na maduka yaliyofuata yalihitaji meza, kabati na milango kwa haraka. Fundi aliyezoea kuunga mninga mtupu kwa ulimi na tundu, gundi ikiwa msaidizi tu, sasa hukata plaiwudi na chipubodi, kisha huzivika fomaika au mbao nyembamba kama karatasi. Katika kazi ya namna hii gundi ndiyo kiungo chenyewe. Ikikosewa, hakuna ulimi wala msumari utakaoiokoa.

Lugha ilikwisha kuwa na maneno ya kutosha kuanzia. Gundi, kwa asili, ni utomvu wa miti kama ile migunga iliyotapakaa katika mbuga za Shinyanga. Ulimbo ni utomvu wa kunasia ndege. Sherisi, ambayo wengine huiandika sherizi, ndiyo iliyokuwa gundi ya seremala hasa: yale mabonge yatokanayo na ngozi, mifupa na kwato, yanayorowekwa majini na kupashwa moto ndani ya chombo kilichowekwa katika chombo kingine chenye maji, kwa joto la kadiri ya nyuzi 60 za Selisiasi, lisifikie kuchemka. Sherisi hushika inapopoa, na hulegea tena ikipata joto na unyevu, hata fundi aweza kubandua kazi ya babu yake na kuirudia bila kuiharibu. Ni jambo la kusikitisha kwamba neno hili linafifia Usukumani, nchi ya ng'ombe, ambako ngozi haijapata kuadimika.

Leo kamusi na vitabu vya mafunzo huelekea kuyakusanya yote haya chini ya neno moja, "gundi". Katika barua ya ofisini ujumla huo wafaa. Kwenye meza ya seremala haufai, maana gundi mbili zinazouzwa rafu moja hutaka matendo yanayopingana.

Gundi nyeupe ya mbao imechanganywa na maji. Hupakwa, mbao hukutanishwa ingali mbichi, kisha hubanwa kwa jiliwa au klampu kwa nusu saa hadi saa moja na kuachwa siku nzima kabla ya kubebeshwa mzigo. Maji hunywewa na mbao, na gundi huganda. Fundi akichelewa, katika joto la Septemba, ngozi hutanda juu yake na kiungo kinakuwa kimekufa kabla ya kuzaliwa. Ile ya kopo letu ni mpira wa viwandani, wa jamii iliyovumbuliwa katika maabara za DuPont, Marekani, mwaka 1930, ukayeyushwa katika kiyeyushi kirukacho upesi. Hupakwa pande zote mbili, huachwa wazi dakika kumi hadi ishirini, na nyuso hukutanishwa pale tu ambapo kidole kikigusa hakinati. Zikishagusana hazisogezwi tena. Ndiyo maana mafundi hodari huweka vijiti katikati na kuvichomoa kimoja kimoja. Haihitaji kubanwa kwa muda mrefu. Yahitaji mkandamizo mkali wa mara moja, kwa rola au kwa nyundo juu ya kipande cha mbao.

Sasa na tuisome karatasi. Yasema: "Paka gundi, subiri ikauke, kisha bandika." Neno "ikauke" ndipo mahali kazi inapoharibikia. Kwa aliyelelewa na gundi nyeupe, gundi iliyokauka ni gundi iliyokwisha. Kwa hiyo hangoji. Huibandika ingali mbichi, kiyeyushi hufungwa ndani, na baada ya majuma machache fomaika huvimba katikati kama chapati. Tumeyaona malengelenge hayo kwenye kaunta zilizogharimu fedha nyingi, na mwenye duka akimlaumu fundi, fundi akiilaumu gundi. Kitenzi kimoja kimebebeshwa mambo matatu: kiyeyushi kuruka, gundi kushika, na kiungo kufikia nguvu yake kamili. Twapendekeza yatenganishwe. La kwanza liitwe "kukauka juu", na daima lifuatane na kipimo cha kidole. La pili ni "kushika", neno la mafundi wenyewe. La tatu liitwe "kukomaa".

Tena kuna tofauti ya "kunata" na "kushika", ambayo wafasiri huivuruga, ingawa wachimbaji wadogo wa Geita hawaivurugi kamwe. Tope hunata miguuni. Zebaki hushika dhahabu. Kunata ni sifa ya kitu kibichi, kushika ni tendo lenye matokeo. Gundi ya kopo letu iko tayari kushika pale inapoacha kunata mkononi. Atakayeandika "subiri mpaka inate" atakuwa ameagiza kinyume.

Kwa sababu hiyohiyo hatuliungi mkono jina la "gundi ya mguso", ijapokuwa ni bora kuliko lile la mawasiliano. Humfanya msomaji adhani kwamba yanata ikiguswa. Mafundi wengi wameamua jambo lao na kuiita "solusheni", kama ile ya kuzibia mipira ya baiskeli, chombo ambacho mtu wa Shinyanga hahitaji kufundishwa. Walimu wa kemia watapinga, wakisema kwamba wao wana "mmumunyo". Lakini kopo hilo kwa kweli lina mpira uliomumunyika, na viraka vya baiskeli hupakwa pande mbili na kungojwa vivyo hivyo. Jina hilo limekuja pamoja na utaratibu wake sahihi. Tungeliacha mitaani kwa heshima. Katika maandishi rasmi twapendekeza "gundi ya nyuso mbili", kwa kuwa jina lenyewe latoa amri ya kwanza.

Kuhusu ile mbao nyembamba ya kuvikia, "venia" limeanza kuzoeleka, nasi hatuna ugomvi nalo. Hata hivyo Kiswahili kina "ubamba", wingi wake "bamba". Kitenzi chake kingekuwa "kubambika", ila watumishi wa serikali watakumbuka kwanza kubambikiwa kesi; basi na tuseme "kuvika ubamba". Fundi na aelezwe pia kwamba ubamba wa mti halisi si fomaika: huvuta unyevu wa masika na kusinyaa kiangazi, na gundi ya mpira, ikiwa laini daima, huuacha utembee hadi ukingo uinuke. Kwa ubamba gundi nyeupe na mkandamizo wa muda mrefu hufaa zaidi, au sherisi kwa anayeijua.

Imebaki sentensi ya mwisho: "Tumia mahali penye hewa ya kutosha." Kila aliye hai hudhani alipo pana hewa ya kutosha. Mvuke wa kiyeyushi ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa sakafuni, na hufika kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili kabla mtu hajasikia harufu kali. Onyo lingeandikwa hivi: "Fungua mlango na madirisha ili hewa ipite. Zima jiko, koroboi na sigara, hata za chumba cha pili, mpaka gundi ikauke juu."