Komba wa Rondo na Tembo wa Nick Brandt

Hebu tuseme kweli, wenzangu. Ukimwambia kijana wa mjini afikirie picha ya mandhari yenye wanyama wetu, ataona mbuga: nyasi, mgunga mmoja, tembo, na Kilimanjaro kwa nyuma. Nani atafikiria Rondo, ule uwanda wa juu wa Lindi unaokaribia mita 900? Mnyama aliyeipa sifa Rondo ni komba, aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 1996. Ana gramu 60 hivi, anatembea usiku, na wataalamu humtofautisha na komba wenzake hasa kwa mlio. Sasa mlio utaupigaje picha?

Swali hilo ndilo ninalokisomea kitabu cha Mwingereza Nick Brandt, Inherit the Dust (2016). Mapenzi yake kwa wanyama si ya mdomoni. Baada ya miaka ya kupiga picha Amboseli, mwaka 2010 alianzisha na Richard Bonham shirika la Big Life la kuwalinda wanyama wa huko. Katika kitabu hiki alizikuza picha zake za zamani zikalingana na kimo halisi cha mnyama, akazisimamisha kama mabango majalalani, machimboni na chini ya madaraja nchini Kenya, pale ambapo wanyama hao walikuwa wakipita zamani. Kisha akapiga picha upya. Katika "Underpass with Elephants" tembo wamesimama chini ya daraja, na watu wasio na makao wapo chini pale pale. Hapa fani imebeba maudhui bila hotuba. Nampa heko.

Ila nina lawama mbili. Kwanza, tembo ana sura, binadamu hana jina. Mtu amegeuka sehemu ya mandhari. Kwenye The Day May Break (2021) Brandt alirekebisha hilo, maana majina ya watu yamo kwenye vichwa vya picha, sambamba na ya wanyama. Hapo msanii amekua.

Pili, na hii ndiyo nzito, mbinu yenyewe inamtegemea mnyama mkubwa. Jaribu kuipeleka Rondo uone. Bango la komba kwa kimo chake halisi litaingia kwenye mfuko wa shati! Kumbe jicho letu limezoeshwa kumhurumia anayeonekana kutoka mbali, na asiyeonekana anakwenda zake kimyakimya.

Rondo inadai fani nyingine. Miaka ya 1950 kampuni ya Steel Brothers ilivuna mivule huko, na baadaye mitiki na misindano ikapandwa kwa mistari. Mimi ningependa picha iliyopigwa mpakani: huku mitiki imenyooka kama wanafunzi mstarini, kule msitu wa asili umesongamana. Mnyama hayumo kabisa, lakini mtazamaji ataona nyumba yake inaishia wapi.

Picha kama hiyo haijitoshelezi, bwana. Bila maneno chini yake ni miti tu. Na hapo ndipo mpiga picha anapotuhitaji sisi wenye kalamu, tuandike ule mlio. Sharti tuache kwanza kila hadithi yetu ya porini kuianza na mgunga na jua linalozama.