Jani Lililogawanyika Mara Mbili

Toka Muhimbili, chuo cha tiba jijini Dar es Salaam, kwa miguu, katiza Upanga, ingia Mchafukoge, vuka Mnazi Mmoja: hujachoka bado, na umeshafika Kariakoo kwa wauza dawa za asili. Magome yamefungwa mafungu, mizizi imetandazwa juu ya gunia, unga umo makoponi. Hapo ndipo ningependa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayejifunza tiba asili aanzie utafiti wake, kabla hajagusa chupa ya maabara.

Aanze kwa shikamoo. Anunue kitu, maana muda wa muuzaji ni riziki yake, kisha aseme waziwazi anatafuta nini na maelezo yatakwenda wapi. Kazi yenyewe ni kuuliza bila kumtilia mzee jibu kinywani. Asiseme, "Hii inatibu malaria, sivyo?" Aseme, "Hii mnaitumiaje, mzee?" Na ashike vitenzi: imetwangwa, imechemshwa, au imelowekwa? Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alisoma katika kitabu cha kale cha Ge Hong kwamba mmea ulilowekwa majini ukakamuliwa, kuchemsha hakukutajwa. Akapunguza joto maabarani, na dawa ya malaria, artemisinini, ikapatikana. Vitenzi viwili tu!

Halafu kuna jina, maana jina moja laweza kubeba miti miwili. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja, na maua yake ni meupe. Mti huo una ndugu, Melia azedarach, ambao wengine huuita mwarobaini vilevile: jani lake limegawanyika mara mbili, maua yana rangi ya zambarau, na matunda yake ni sumu. Majani yakishasagwa, jicho halitofautishi. Basi mwanafunzi aombe kupelekwa mti ulipo, akate tawi lenye ua au tunda, alibane kati ya magazeti na mbao, abadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Kisha lebo: jina la kienyeji, mahali, tarehe, mchumaji. Naiheshimu lebo hiyo kuliko kurasa nyingi za tasnifu, kwa sababu mwingine anaweza kuifuata hadi kwenye mti uleule.

Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, kikawa taasisi mwaka 1991. Ukaribu wake na soko ni bahati ya mwanafunzi. Matokeo yakitoka, avuke tena Mnazi Mmoja, akamweleze mzee palepale penye gunia.