Ushujaa wa Kalamu ya Risasi

Historia ya safari za ncha za dunia imezoea kuwasifu waliotangulia kufika, huku mpima ardhi akiachiwa sentensi moja. Sifa hizo zimegawiwa vibaya. Mahali pasipo na mtu wa kuulizwa njia, msafiri hupanga posho, mbwa na siku zake kwa kuitazama ramani. Kila mstari basi ni ahadi kwa atakayekuja baadaye, na fundi bora ni yule anayejizuia: huchora alichopima, hachori alichokisia.

Ushahidi uko kaskazini mwa Greenland. Mwaka 1892 Robert Peary, akiwa juu ya jabali aliloliita Navy Cliff, alitazama barafu ikitokomea kati ya milima, akahitimisha kwamba ule ni mlango wa bahari unaoikata nchi. Hakudanganya, alikisia. Ramani zikaupokea mlango huo, na mwaka 1907 Ludvig Mylius-Erichsen, mpima ardhi Niels Peter Høeg Hagen na Jørgen Brønlund, mzaliwa wa Greenland, wakaenda kuuhakiki. Pwani ilichomoza mashariki kuliko ramani ilivyodai, ikawalia posho na siku. Na ule mlango ukawa hori tu, mwisho wake nchi kavu. Kiangazi kikawakwamisha, mawe yakawamalizia viatu. Hagen na Mylius-Erichsen, kiongozi wa msafara, walifariki Novemba, wakiwa njiani kurudi. Brønlund, miguu imeharibiwa na baridi, alijikokota hadi kwenye akiba ya chakula ya Lambert Land, akafia hapo. Machi 1908 mwenzao wa msafara, Johan Peter Koch, alimkuta na shajara yake, pamoja na michoro ya Hagen ndani ya chupa.

Uzito wa michoro hiyo huonekana ukiijua kazi yenyewe. Skrubu za theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, hazizungushwi kwa glavu nene. Zinataka vidole vitupu, na shaba iliyopoa kiasi hicho hung'ang'ania ngozi. Saa hutunzwa karibu na mwili, kwa kuwa longitudo hutegemea wakati sahihi. Ukikosea dakika moja ya pembe katika kupima kimo cha jua, kituo chako huhama karibu kilomita 1.85. Vidole vikifa ganzi, kukadiria kunashawishi sana, na hapo ufundi na uadilifu huwa kitu kimoja.

Yuko atakayesema michoro hailingani na roho tatu. Hailingani, na mauti yao si ya kushangiliwa. Lakini kisio ndicho kilichochangia kuwaua, na kipimo ndicho kilichomwokolea mwingine safari: mwaka 1910 Ejnar Mikkelsen, aliyekusudia kupitia mlango huo kwenda magharibi, alikuta kwenye rundo la mawe ujumbe wa Mylius-Erichsen kwamba mlango haupo, akageuza. Mwingine atasema setilaiti zimemwondolea mpima ardhi kazi. Zimemwondolea baridi. Picha ya angani nayo husomwa na mtu anayeamua mstari upite wapi, naye bado anadaiwa kusema wapi ana hakika na wapi anakisia.