Hadithi Hupimwa kwa Mteremko

Ruaha Mkuu hukusanya vijito vya milima ya Mbeya, hupita bonde la Usangu, kisha hujaza bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Bwawa hilo ukiliona utadhani ni ziwa. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 80. Kihansi, unaoporomoka kutoka safu ya Udzungwa, ni mto mdogo ambao Watanzania wengi hawajawahi kuuona. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 180.

Siri haiko kwenye wingi wa maji. Kihansi huangushwa takribani mita 850 ndani ya mwamba kabla ya kugusa mtambo.

Mtu anayeanza kutunga hadithi huwa na fikra za Mtera. Ana hasira, ana msiba, ana mapenzi yaliyomwacha pabaya, naye anaamini kwamba akiyamwaga yote kwenye karatasi, hadithi itawaka. Anajaza daftari. Akilisoma baada ya wiki, maji yametulia tu. Alichokosa ni mteremko: umbali kati ya pale mhusika aliposimama na pale anapolazimika kushuka.

Tuchukue Mwanjelwa, soko la Mbeya lililoteketea kwa moto mwaka 2006. Tuseme mwandishi chipukizi ana uchungu na tukio hilo. Rasimu yake ya kwanza itakuwa na ndimi za moto, vilio, umati na lawama. Maneno mengi, nguvu kidogo, kwa sababu msomaji anaanzia chini: ameshaambiwa kwamba kila kitu kimekwisha. Sasa tujaribu hivi: "Asubuhi ya tatu baada ya moto, Mama Atu alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa kibanda, akaupaka mafuta ya cherehani usije ukashika kutu."

Hapo hakuna moto wala chozi. Mkono bado unaishi siku ya juzi, na msomaji tayari anajua kwamba mlango haupo. Uchungu wa mwandishi haukupungua hata tone. Umepitishwa kwenye tundu la ufunguo mmoja.

Ufundi huu si mgeni Nyanda za Juu. Martha Mvungi alikulia kati ya Wabena na Wahehe, akitokea Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012. Mwaka 1975 alitoa riwaya ya Kiswahili, Hana Hatia, na mwaka huohuo mkusanyo wa hadithi fupi kwa Kiingereza, Three Solid Stones, katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann. Hadithi za mkusanyo huo zina mizizi katika masimulizi ya Wahehe na Wabena. Kwa anayeanza, uamuzi huo una faida ya kiufundi. Ngano haipotezi muda kutafuta mteremko. Sentensi ya kwanza tu, mke hana mtoto, au binti amekataa wachumba wote, au njaa imeingia kijijini. Tayari kuna mtu juu ya genge. Mwandishi anayeazima umbo hilo anapata bomba lililokwisha kuchimbwa na vizazi. Kazi yake ni kuleta maji yake mwenyewe.

Njia ya pili ni historia. M. M. Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, aliandika tamthiliya Mukwava wa Uhehe (1979), na alipowaandikia vijana akarudi Uhehe kwa riwaya Ngome ya Mianzi na Ngoma ya Mianzi. Historia hiyo ina maji ya Mtera: vita vya Lugalo vya Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani Zelewski na askari wake wakiuawa, ngome ya mawe ya Kalenga ikianguka Oktoba 1894, kisha miaka ya kuwindwa msituni, na zawadi ya rupia 5,000 juu ya kichwa cha mtawala wa Wahehe, Mkwawa. Mtunzi mchanga atatamani kuanzia Lugalo. Lakini tazama Julai 1898, karibu na Mlambalasi. Doria ya Wajerumani inamkamata kijana aliyekuwa akimhudumia mtawala huyo, naye anaulizwa bwana wake yuko wapi. Hadithi ikianzia kwenye kinywa cha kijana huyo, kabla hakijafunguka, Lugalo na Kalenga zote zinakuwa uzito ulio juu yake. Hakuna haja ya kuzisimulia kwa kurasa 40.

Ila Kihansi ina onyo pia. Kwenye korongo lake waliishi vyura wadogo sana, wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani, waliotegemea rasharasha za maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikapungua. Mwaka 2009 vyura hao walitangazwa kutoweka porini, ingawa vinyunyizio vilikuwa vimefungwa korongoni; waliozalishwa Marekani walianza kurudishwa mwaka 2012.

Mwandishi aliyekwisha kuujua mteremko hupatwa na kosa hilohilo. Anabana kila neno liende kwenye mtambo, na hadithi inageuka mashine: inafika, lakini hakuna kinachoishi ndani yake. Turudi kwa Mama Atu. Ufunguo ndio unaozungusha mtambo. Harufu ya mchele wa Kyela ulioungua, jirani anayemdai sahani yake, baridi ya Mbeya inayomfanya apulizie vidole kabla ya kushika chupa ya mafuta, hivyo havizungushi chochote. Mhariri mwenye haraka atavikata vyote. Acha viwili.