Izime Pampu Ndipo Uikague Sampu

Mtu akionyeshwa sampu iliyoundwa nyumbani, yaani tangi la kuchujia maji linalokaa chini ya tangi la matumbawe, jicho lake hukimbilia yale yanayovutia: kingo za kioo zilizosuguliwa zikang'aa, mabomba yaliyopangwa kwa ustadi, skima inayokusanya uchafu mweusi kwenye kikombe chake. Yote hayo huonekana pampu ikiwa kazini, na pampu ikiwa kazini karibu kila sampu ni nzuri. Maji yanashuka kutoka tangi la matumbawe, yanapita vyumba vya kuchujia, yanapandishwa tena juu. Kazi ya fundi hujipambanua na kazi ya kubahatisha pale pampu inaposimama, na mara ya pili pale inapoamka. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua ubora wa sampu na stendi yake aanze kwa kuzima umeme, kisha atazame maji yanaelekea wapi na yanakomea wapi.

Tuchukue tangi la kawaida la matumbawe lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Kila sentimita moja ya kimo cha maji ndani yake ni lita 7.2. Chini yake iwekwe sampu ya sentimita 90 kwa 40, ambayo sentimita moja ya kimo chake ni lita 3.6. Maana yake ni kwamba kila sentimita inayoshuka juu hupandisha maji sentimita mbili chini. Pampu ikizimika, maji ya tangi la juu huendelea kumwagika hadi yafike usawa wa kizingiti cha kutolea maji. Wakati huohuo bomba lililokuwa likiyapandisha hugeuka sifoni na kuyarudisha chini, nalo haliachi mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo huo ukiwa sentimita 2 chini ya uso wa maji, zinashuka lita 14 na ushei, na sampu inapanda sentimita 4. Ukiwa sentimita 8, zinashuka lita 57 na zaidi, na sampu inapanda sentimita 16, hata kabla ya kuhesabu maji yaliyomo ndani ya mabomba na nafasi inayoliwa na vifaa vilivyozama. Sampu yenye kimo cha sentimita 40 iliyojazwa nusu itakuwa imekaribia ukingo. Kwa hiyo usidanganywe na ukubwa wa sampu ukitajiwa lita zake. Uliza ni nafasi kiasi gani imeachwa tupu, na kwa nini imeachwa kiasi hicho.

Fundi anayeijua hesabu hii huacha alama. Tazama kioo cha mbele cha sampu, mara nyingi karibu na kona: kuna mstari wa kalamu ya wino usiofutika, au kipande chembamba cha utepe, unaoonyesha kimo ambacho maji hayapaswi kukipita pampu ikiwa inazunguka. Juu yake kuna mstari wa pili, pale maji yalipofika pampu ilipozimwa kwa majaribio. Mistari hiyo miwili inanishawishi kuliko kioo chochote kinachong'aa, kwa kuwa haichorwi kwa kukisia. Aliyeichora amejaza maji, amezima, amesubiri, amepima.

Wapo watakaosema kwamba hofu yote hiyo inamalizwa na valvu ya kuzuia maji kurudi, au na tundu dogo linalotobolewa kwenye bomba ili liingize hewa na kukata sifoni. Katika tangi la maji baridi hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi. Tangi la matumbawe limetunzwa makusudi ili viumbe vinavyojenga chokaa vistawi, na viumbe hivyo havichagui mahali pa kujenga. Mwani mgumu wa rangi ya zambarau hujibandika kwenye kifuniko cha valvu, minyoo midogo hujenga vijumba vyake vyeupe pembeni, na siku valvu inapohitajika haifungi sawasawa. Tundu nalo huzibwa na mwani au konokono mdogo. Vifaa hivyo si vibaya vikiwa nyongeza, lakini mpango mzima ukivitegemea, kazi ina kasoro. Kinachotegemeka ni mdomo wa bomba uliowekwa karibu na uso wa maji, maana hapo hakuna kinachohitaji kufunguka wala kufungika.

Wengine hudai kwamba mwenye inveta au jenereta hana haja ya haya. Kwetu pwani na bara, ambako umeme hukatika bila kubisha hodi, kifaa hicho ni cha lazima kwa uhai wa matumbawe, ila hakifuti hoja. Pampu husimama inapotolewa kusafishwa, husimama konokono akikwama kwenye feni yake, husimama soketi ikilegea. Nguvu ya akiba hupunguza idadi ya safari ambazo sampu itajaribiwa. Haiwezi kuigeuza sampu isiyohimili jaribio kuwa inayohimili.

Sasa ligeuze jaribio. Acha pampu izunguke, na uzibe bomba la kushusha maji. Hapo utaona thamani ya chumba cha mwisho, kile inamokaa pampu. Kikiwa na upana wa sentimita 20 na maji ya sentimita 18, kina lita 14.4 tu. Pampu ikizimwaga zote juu, tangi litapanda sentimita 2, na likiwa limeachiwa sentimita 3 za nafasi halitamwaga hata tone. Kikiwa kikubwa maradufu, sakafu italowa. Wengi hupenda chumba kikubwa cha pampu kwa sababu maji huvukia, na mvuke huacha chumvi nyuma, hivyo upungufu wote huonekana hapo, kwa kuwa vioo vya kugawa hushikilia kimo cha vyumba vilivyotangulia. Ni kweli kwamba chumba kidogo hukauka upesi. Dawa yake ni ndoo ya maji yasiyo na chumvi inayojazia kwa swichi ya boya, na ndoo hiyo nayo iwe na kiasi. Boya likikwama na kumwaga lita 20 kwenye mfumo wa lita 450 wenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo, chumvi itashuka hadi karibu 33.5. Viumbe vingi vitastahimili. Pipa la lita 200 likimwagika lote, hadithi ni nyingine kabisa.

Mabomba ya kushushia yakaguliwe kwa namna hiyohiyo. Mpango bora ni bomba moja linalojaa maji tupu, likirekebishwa kwa koki, pamoja na la pili la dharura ambalo kwa kawaida ni kavu. La kwanza halina kelele kwa sababu halivuti hewa. Lakini litazame pampu inapoamka: lazima litoe hewa iliyoingia ndani yake bila kusaidiwa na mkono wa mtu. Ncha yake ikizama kama sentimita 2 kwenye maji ya sampu, hewa hutoka kwa mlipuko wa vipovu na mtiririko hutulia. Ikizama mno, hewa hunaswa, na maji huanza kupita kwenye bomba la dharura.

Kuhusu vioo vya kugawa, nitasema machache. Vitatu vinatosha kunasa vipovu: maji yapite juu ya cha kwanza, chini ya cha pili, juu ya cha tatu. Pitisha ukucha kwenye mshono wa silikoni. Uwe mwembamba, usiokatika, wenye upana mmoja kuanzia juu hadi chini. Silikoni mpya haishikamani vizuri na ya zamani, kwa hiyo tangi kuukuu lililogeuzwa sampu lionyeshe kioo kilichokwanguliwa hadi kikawa safi. Akriliki iliyogandishwa kwa silikoni ndani ya kioo itaachia siku moja.

Atakayeuliza mbona sijataja uwezo wa kuchuja ana haki ya kupewa jibu. Katika tangi la matumbawe sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na bakteria waliomo ndani ya mawe ya tangi la juu. Sampu huipa skima maji yenye kimo kisichobadilika, na kimo hicho hulindwa na vioo vilevile tulivyovikagua.

Stendi nayo ni sehemu ya jaribio. Tangi tulilolitaja, likiwa la sentimita 60 kwenda juu, linapita nusu tani kwa maji na kioo pekee. Fuata uzito huo kwa kidole kutoka ukingo wa tangi hadi sakafuni: ubao ukalie ubao, nguzo ikalie sakafu, na pasiwe na mahali ambapo mzigo umening'inia kwenye skrubu. Kisha sukuma kwa ubavu. Mgongo wa plaiwudi au mbao za mshazari ndizo huzuia kuyumba, na unene wa miguu hausaidii sana hapo. Stendi iliyojazwa nguzo nene hadi sampu haiwezi kutolewa bila kuhamisha tangi ni kosa, hata ikiwa na nguvu ya kubeba gari. Mkono uifikie pampu gizani. Soketi ziwe juu ya ukingo wa sampu, na kila waya ushuke chini ya soketi yake kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Kagua kingo za plaiwudi zilizokatwa, hasa zinazogusa sakafu. Hizo ndizo hunywa maji kwanza, na rangi iliyopakwa usoni tu haizikingi. Ukoko mweupe wa chumvi kwenye kiungo cha bomba ni ushahidi wa tone ambalo mwenyewe hajaliona.

Majaribio yote haya yafanywe kwa maji ya bomba, kabla ya chumvi na kabla ya tumbawe la kwanza, na yarudiwe mara kadhaa, maana sifoni inayoamka vizuri leo inaweza kunasa hewa kesho. Baada ya miezi michache, mwani ukishashika mabomba, zima pampu tena na ulinganishe kimo cha maji na mstari wa pili. Yakipita juu yake, safisha kizingiti na uangalie kama mdomo wa bomba umesogea.