Fundo na Pingili: Majina ya Viungo vya Gita katika Uhakiki wa Wimbo wa Kiswahili

Uhakiki wa nyimbo za Katanga una desturi moja ambayo haijahojiwa vya kutosha. Mhakiki huinukuu mistari ya wimbo, huifafanua maana yake, huonyesha methali na mafumbo yaliyomo. Halafu, afikapo kwenye gita, husema kwamba limepigwa kwa ufundi, na hapo huishia. Nusu ya kazi imeachwa. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, hakuwa mshairi aliyebeba chombo cha kumsindikiza tu. Alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, na mazungumzo ya vidole hivyo ni sehemu ya usemi wake sawa na maneno.

Waliokwisha kuyachambua mazungumzo hayo kwa kina waliandika kwa lugha nyingine. David Rycroft alichapa uchunguzi wake juu ya Bosco katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. John Low, aliyekuja huku kujifunza kwa wapigaji wenyewe, alitoa Shaba Diary mwaka 1982. Hatuwalaumu, tunawashukuru. Lakini mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kwa Kiswahili juu ya wimbo wa Kiswahili hujikuta hana maneno ya kutaja mahali kidole kinapokaa. Swali la majina ya viungo vya gita, ambalo wengine wataliona kuwa dogo, ndilo linaloamua kama uhakiki huo utawezekana au la.

Njia iliyozoeleka ni kutafsiri. Aliyesoma kwa Kifaransa hutafsiri Kifaransa, aliyesoma kwa Kiingereza hutafsiri Kiingereza, na kila mmoja hudhani kwamba ametaja kitu chenyewe. Tutazame kile kipande kirefu ambacho mkono wa kushoto hukishika. Waingereza hukiita shingo. Wafaransa hukiita mpini. Kwa Wahispania ni mlingoti, na kwa Wareno ni mkono. Kitu ni kimoja, mafumbo ni manne, na hakuna hata moja lililo sahihi kuliko jingine. Kwa hiyo hoja ya kwamba neno fulani ndiyo tafsiri halisi haina uzito. Linalofaa kuulizwa ni hili: je, Kiswahili chenyewe kina picha ya kitu chenye umbo kama hili?

Kinayo. Tunasema mdomo wa mtungi, shingo ya mtungi, tumbo la mtungi. Kibuyu nacho husemwa vivyo hivyo. Basi *shingo* ya gita haihitaji kibali cha Kiingereza, na sanduku linalokuza sauti linaweza kuitwa *tumbo* bila mtu kushangaa. Tundu lililo katikati ya ubao wa mbele, ambapo sauti hutokea, liitwe *mdomo*. Wahispania nao husema hivyo, ingawa hatukuwaomba. Palipo na vikazio vya nyuzi ni *kichwa*. Kuhusu *daraja*, pale nyuzi zinapofungwa juu ya tumbo, neno limekwisha kuenea na hatuna ugomvi nalo, ijapokuwa Mfaransa huona pale farasi mdogo.

Tunasita zaidi mbele ya neno *funguo* kwa vile vikazio vya kichwani. Katika maandishi ya muziki, ufunguo ni alama inayowekwa mwanzoni mwa mistari ya noti. Wengine huutumia pia kwa msingi wa sauti ambao wimbo umejengwa juu yake. Mhakiki akiandika kwamba mpigaji alibadili ufunguo, msomaji hatajua kama alikaza uzi au alihamisha wimbo mzima. *Kikazio* hakina utata huo.

Ugumu mkubwa uko shingoni. Vile vyuma vyembamba vilivyolala juu yake kwa kukingama, na nafasi zilizo kati yake, ni vitu viwili. Kifaransa hutenganisha chuma na nafasi kwa majina mawili. Kiingereza, katika mazoea ya wapigaji, hutumia jina la chuma kwa vyote viwili. Ndiyo maana anayefundishwa kwa tafsiri ya Kiingereza huweka kidole juu ya chuma chenyewe, na uzi ukatoa sauti iliyozibwa. Kidole hukaa katika nafasi, nyuma kidogo ya chuma.

Mkulima wa miwa angetusaidia hapa. Muwa una fundo, na kati ya fundo na fundo pana pingili. Tunapendekeza chuma kiitwe *fundo* na nafasi iitwe *pingili*. Picha hii ina faida ya pili: pingili za muwa hazilingani, na za gita pia hazilingani. Katika gita ambalo uzi wake una urefu wa sentimeta 65, pingili ya kwanza karibu na kichwa ina milimeta 36 hivi, na ya kumi na mbili ina milimeta 19 hivi. Fundo la kumi na mbili huugawa uzi katikati, na sauti yake hurudia ile ya uzi ulio wazi, kwa wembamba maradufu. Neno *chumba*, ambalo lingefuata Kifaransa, si baya, lakini vyumba hutufanya tufikirie kuta zenye vipimo sawa.

Limebaki suala la nyuzi, ambazo kwetu Lubumbashi wengi huziita *kamba*. Jina lolote kati ya hayo latosha; tatizo ni *juu* na *chini*. Gita likiwa mapajani, uzi ulio juu, karibu na kidevu cha mpigaji, ndio wenye sauti ya chini kabisa. Vitabu huhesabu kuanzia upande wa pili: wa kwanza ni ule ulio karibu na magoti. Mwandishi anayesema uzi wa juu amesema mambo mawili yanayopingana. Kiswahili kimekwisha kulitatua jambo hili bila kamati yoyote, kwa sababu husema sauti nene na sauti nyembamba. Uzi mnene hutoa sauti nene, uzi mwembamba hutoa sauti nyembamba. Jicho na sikio hukubaliana.

Sasa mhakiki anaweza kuandika hivi: gumba linashika mwendo kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinajibu kwenye nyembamba, mkono wa kushoto unateremka kutoka pingili ya tano hadi ya tatu, ndipo sauti ya mwimbaji inaingia. Kipande kimoja bado hakina jina linaloturidhisha: kile kijiti cha mfupa kilicho mpakani mwa kichwa na shingo, chenye mikato sita ya kupitishia nyuzi. Tumesikia *kizingiti*. Anayejua neno bora kutoka kwa mafundi wanaochonga magita atuandikie.