Nafsi ya Kwanza Kinywani mwa Mkalimani: Uhakiki wa "Intimacies" ya Katie Kitamura

Hadithi ya Katie Kitamura iitwayo Intimacies, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 2021, ni ya mwanamke asiyetajwa jina, aliyetoka New York akaenda The Hague kufanya kazi ya ukalimani katika mahakama ya kimataifa kwa mkataba wa mwaka mmoja. Humo awa sauti ya watu wawili wasiopatana: shahidi kijana ambaye jamaa zake waliuawa, na rais wa zamani anayeshtakiwa, ambaye yampasa kumnong'oneza sikioni. Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kukisoma kitabu hiki, kwa kuwa lugha yake imekwisha kusikiwa mahali pa namna hiyo. Mashahidi kadha wa kesi ya Thomas Lubanga, iliyoanza kusikilizwa The Hague mwaka 2009, walisema Kiswahili cha Kongo. Na katika kesi ya Wakenya iliyoanza mwaka 2013 palikuwa na waliosema Kiswahili vile vile.

Fadhila kubwa ya kitabu ni kwamba mtungaji ametambua mahali dhiki ya mkalimani inapotoka. Haitoki katika habari za kutisha peke yake, kwani habari hizo hakimu na karani huzisikia pia. Yatoka katika kanuni ya kazi: mkalimani hasemi, "Shahidi anasema kwamba aliona", husema, "Niliona." Kitamura aonyesha vizuri, tena bila makelele, jinsi mwanamke huyu anavyoshughulika na neno moja moja kwa bidii hata maana ya habari nzima yamponyoka. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1998 Barbara Moser-Mercer na wenzake walichapisha uchunguzi wa wakalimani wachache walioachwa waendelee kupita zamu yao ya kawaida ya nusu saa: makosa yaliongezeka, na wenyewe hawakuyatambua. Basi kumwuliza mkalimani kama amechoka si njia ya kujua kama amechoka.

Lakini hapa ndipo lugha ya mtungaji inapomsaidia, na pia inapomficha jambo. Katika Kiingereza nafsi ya kwanza ni neno zima lisimamalo peke yake mbele ya kitendo. Mtungaji aweza kulishika, kuligeuza, na kuuliza ni la nani. Katika lugha za Kibantu nafsi imefungwa ndani ya kitenzi. Shahidi akisema, "Nilisikia mlio, nikatoka, nikamwona mwanangu, nikamfunika," mkalimani wa Kiswahili ametamka ni- mara nne, na ya tano imejificha katika "mwanangu". Hapana hata moja awezayo kuipunguza nguvu bila kuvunja neno. Atakayejaribu kukifasiri kitabu hiki atapata taabu papo hapo: akiandika "mimi", atakuwa ametia mkazo usiokuwamo; akiacha ni- peke yake, fadhaa yote ya msimulizi itapita pasipo kuonekana. Wala jina la kitabu si jepesi, maana "ukaribu" hauna wingi.

Yaweza kusemwa: basi, na aseme kwa nafsi ya tatu. Wazee walisema mjumbe hauawi, na mjumbe wa zamani alikuwa na kinga yake katika sarufi: alisema, "Bwana amesema," na maneno yakabaki ya bwana. Mahakamani kinga hiyo haifai, na katika Kiswahili haifai zaidi kuliko katika Kiingereza. "Anasema alimwona akimpiga": nani alimwona nani, na nani alipigwa? A- na -m- hazitengi mume na mke, wala shahidi na mshtakiwa. Mtu aweza kufungwa kwa kosa la namna hiyo. Kwa hiyo ni- ni ya lazima, na wanaoshauri wakalimani waikimbie hawajafikiri habari ya hati za mahakama. Lililobaki ni kuuliza nani atamlinda mjumbe huyu mpya, hali kinga yake ya kale imeondolewa.

Swali hilo liliulizwa Afrika Kusini mapema. Tume ya Ukweli na Upatanisho ilianza kusikiliza watu hadharani Aprili 1996, na wakalimani wake walisema kwa nafsi ya kwanza. Askofu Mkuu Desmond Tutu, katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya kazi ya tume, alieleza kwamba jambo hilo liliwaumiza, kwa kuwa iliwapasa kuwa mara aliyetendwa, mara aliyetenda. Kitamura naye ameweka wote wawili katika kinywa kimoja, na kurasa za mnong'ono ndizo bora katika kitabu chake: mshtakiwa awa mtu wa karibu kwa sababu tu sikio lake li karibu.

Kasoro yake ni ya mahali pengine. Msimulizi si mtu wa nchi ya shahidi, na mwisho aweza kukataa mkataba mpya akaenda zake. Arusha, ilipokuwako Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwaka 2015, mambo yalikuwa mengine. Kinyarwanda chajulikana sana na Wanyarwanda wenyewe. Hapana budi mkalimani wake atafutwe miongoni mwa watu ambao habari zile ni zao. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, majaji walisimama kueleza maneno ambayo mashahidi walitumia: gusambanya, kurungora, kuryamana, gufata ku ngufu, wakimtegemea mtaalamu wa lugha, Mathias Ruzindana. Mswahili atatambua mengine bila msaada. Kuryamana ni ndugu wa kulalana kwa muundo na kwa haya. Shahidi hutaka neno la haya, na sheria yataka neno la wazi. Hukumu hiyo ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kukubali kwamba kubaka kwaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, hata neno moja likawa na uzito mkubwa. Majaji walikuwa na miezi ya kuyapima maneno hayo. Mkalimani alikuwa na nafasi ya pumzi moja, na neno alilochagua alilisema kama lililompata yeye.

Kwa mtu huyo kitabu hakina la kusema, kwa sababu chamaliza fadhaa kwa kumwondoa mwenye fadhaa. Wanaobaki wahitaji mambo yasiyopendeza katika hadithi: watu wawili kibandani, zamu fupi zinazoangaliwa na mtu mwingine, hati zitolewe kabla ya kikao, na ruhusa ya kukataa kesi moja bila kupoteza kazi. Zaidi ya hayo, kiapo cha siri chahitaji kuandikwa upya. Msimulizi wa Kitamura anyamaza kwa tabia yake. Mkalimani wa kweli anyamaza kwa kiapo, na kiapo kisichomtaja daktari humfanya aogope kusema, hata mbele ya daktari, yale aliyoyatamka mchana kutwa kwa nafsi yake.